Siku Wapiga Pasi Walipoanika Mishahara

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chumba cha kupigia pasi kilikuwa kimeshapata joto la mchana. Meza sita zilipangwa safu mbili. Juu ya kila meza palikuwa na pasi ya mvuke, chupa ya maji na rundo la mashuka ya hoteli. Nyuma ya jengo kulikuwa na ua. Kamba ndefu zilivuka ua huo kutoka ukuta hadi ukuta. Hapo ndipo mashuka yalipoanikwa.

Meza ya pili kutoka dirishani ilikuwa ya Bi Kwanini. Wazazi wake hawakumpa jina hilo. Alipewa na wenzake wiki ya kwanza kazini, na baada ya miaka saba lilikuwa limemganda. Aliuliza kwa nini foronya hupigwa pasi kabla ya mashuka. Aliuliza kwa nini hoteli hazipendi mashuka ya rangi. Siku moja alimuuliza mwenye dobi kwa nini saa ya ukutani huwa mbele asubuhi, halafu jioni inarudi nyuma.

"Ni betri," alijibu mwenye dobi.

Mwenye dobi waliyemwita Tajiri hakuwa mtu mkali. Alijua majina ya watoto wa wafanyakazi wake. Mtu akifiwa, alikwenda kuhani. Lakini alikuwa na desturi moja. Mwisho wa mwezi aliwaita wafanyakazi ofisini mmoja mmoja. Alifunga mlango, akatoa bahasha, kisha akashusha sauti.

"Wewe nimekuongeza kidogo," alisema. "Usiwaambie wenzako. Wataona wivu."

Akaongeza maneno aliyoyapenda sana. "Mshahara ni kama nguo ya ndani. Kila mtu anayo, na hakuna anayeionyesha."

Bi Kwanini alitoka ofisini kila mwezi akiwa na bahasha kifuani na siri kichwani. Aliwatazama wenzake kwa huruma kidogo. Alijiona mwenye bahati. Ajabu ni kwamba mwanamke huyu aliyeuliza habari za saa na foronya hakuwahi kuuliza habari za bahasha yake.

*

Jioni moja alimkuta mume wake amekaa kizingitini. Mume wake alikuwa fundi rangi. Kucha zake zilikuwa na rangi ya nyumba ya mwisho aliyopaka, na siku hiyo zilikuwa za kijani. Kando yake palikuwa na begi jipya.

"Begi la nani?" aliuliza Bi Kwanini.

"Langu. Kuna mkandarasi anatafuta mafundi rangi. Kazi iko mgodini, mbali. Lori linaondoka baada ya miezi miwili."

"Mtakaa huko muda gani?"

"Miaka miwili."

Bi Kwanini aliketi. Hakuuliza kwa nini, maana sababu aliijua. Mwenye nyumba alikuwa amepandisha kodi. Mtoto wao mkubwa alikuwa anaingia sekondari. Kila mwezi palipungua kama elfu sabini, na hawakuwa na mahali pa kuzitoa.

Aliutazama mwimo wa mlango. Hapo palikuwa na mistari midogo ya rangi mbalimbali. Kila miezi mitatu mume wake alimsimamisha binti yao mdogo pale na kumpima urefu kwa brashi. Mstari mmoja ulikuwa wa bluu, mwingine wa njano, mwingine wa rangi ya maziwa. Bi Kwanini alihesabu moyoni. Miaka miwili ni mistari minane. Aliumia, akasema waziwazi kwamba ameumia.

"Sitaki uende, baba watoto."

"Mimi mwenyewe sitaki. Lakini tufanyeje? Tungekuwa na mshahara kama wa dada yangu, nisingefikiria hata kwenda stendi."

"Wifi? Wifi si anapiga pasi kama mimi?"

"Anapiga pasi hospitali. Laki mbili na elfu sitini."

"Nani amekwambia?"

"Mwenyewe. Alikuwa anakaanga vitunguu, nikamuuliza, akajibu."

Bi Kwanini alishika tama. Yeye alipata laki moja na elfu sabini, na aliambiwa anawazidi wenzake. Sasa wifi yake, kwa pasi ileile, alimzidi kwa elfu tisini. Tena alizitaja akikaanga vitunguu, kama anayetaja bei ya chumvi.

"Kwa nini?" aliuliza.

Mume wake alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alijua kwamba usingizi wa mke wake umekwisha.

*

Jumamosi Bi Kwanini alikwenda kwa wifi yake. Alibeba foronya arobaini zilizooshwa na pasi yake ya nyumbani.

"Wifi, nimekuja tushindane," alisema.

"Tushindane nini tena?"

"Nataka kujua kama unalipwa zaidi kwa sababu una mikono mizuri kuliko mimi. Ishirini zako, ishirini zangu. Jirani atashika saa."

Wifi alicheka mpaka akafuta machozi, lakini akawasha pasi. Jirani alishika saa. Pasi zilikwenda na kurudi. Bi Kwanini alipomaliza foronya ya ishirini, wifi yake alikuwa amebakiza tatu. Walizikagua zote kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna iliyoungua, hakuna iliyobaki na mkunjo.

"Basi si mikono," alisema Bi Kwanini. Alikuwa amefurahi kushinda, na hapohapo amekasirika. "Ni nini, basi?"

"Mimi najua kufanya kazi tu. Jumatatu ukitoka kazini, pitia kwetu. Kuna Fundi wa Boila. Yeye ni mwakilishi wetu. Ana majibu mengi kuliko subira."

Jumatatu jioni Bi Kwanini alifika kwenye dobi la hospitali. Fundi wa Boila alikuwa mwanamke mfupi mwenye glavu nene na sauti ya kushindana na mashine. Kazi yake ilikuwa kulinda tangi kubwa linalochemsha maji na kutoa mvuke.

"Ndiye wewe uliyemshinda wifi yako foronya?" aliuliza. "Habari zako zimetangulia. Njoo uone kitu."

Alimpeleka nyuma ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Ukutani kulikuwa na karatasi kubwa ndani ya kioo. Ilikuwa na jedwali. Upande mmoja ziliandikwa kazi: mwanafunzi, mpiga pasi, mpiga pasi mzoefu, mwendesha mashine, fundi wa boila. Upande wa pili ziliandikwa fedha.

Bi Kwanini alisoma mstari kwa mstari, kidole kikitangulia.

"Mishahara yenu iko ukutani?"

"Iko ukutani."

"Na watu wanaivumilia?"

"Wanaipita asubuhi na jioni. Siku hizi hata hawaitazami."

"Fundi, nieleze. Mnalipwa vizuri kwa sababu hospitali ina fedha nyingi?"

"Nilidhani utauliza hilo," alisema Fundi wa Boila. "Nilianza kazi hapa miaka kumi na moja iliyopita. Hospitali ilikuwa hiihii na vitanda vilikuwa hivihivi. Lakini mpiga pasi alipata nusu ya anachopata leo, wakati mhasibu alipata mara nane yake. Wapiga pasi wenyewe hawakulingana. Aliyekuwa na ndugu ofisini alipata zaidi. Aliyekuwa na haya akapata kidogo."

"Sasa kilibadilika nini?"

"Vitu viwili. Cha kwanza ni kima cha chini. Unakijua?"

"Nakisikia redioni."

"Kukisikia na kukijua ni mambo mawili. Kima cha chini cha mshahara ni kiwango kilichowekwa na serikali. Kinapangwa na bodi ya mishahara. Kwenye bodi hiyo wanakaa wawakilishi wa waajiri, wa wafanyakazi na wa serikali. Kila aina ya kazi ina kiwango chake. Mwajiri anaruhusiwa kulipa zaidi, lakini hata wewe ukikubali, haruhusiwi kukulipa chini ya hapo. Kazi za udobi ni laki mbili."

Bi Kwanini alihesabu kwa vidole, akakunja vitatu: elfu thelathini pungufu. Fundi wa Boila aliviona vidole vile, hakumdadisi.

"Na cha pili?"

"Mkataba wa pamoja. Zamani kila mmoja wetu aliingia ofisini peke yake kuomba nyongeza. Ukiwa peke yako mbele ya meza ya mkubwa, hata sauti yako huitambui. Tulijiunga na chama cha wafanyakazi. Tukachagua wawakilishi. Tukakaa na uongozi mara tano, tena siku nyingine tuligombana vibaya sana. Mwisho tukaandika jedwali hili, tukatia sahihi pande zote mbili."

Bi Kwanini alilitazama tena jedwali. Kidole chake kilisimama mstari wa mwisho.

"Lakini wewe unapata zaidi ya wifi yangu. Usawa uko wapi hapo?"

"Boila hili likipasuka, tutatafutana hadi juu ya paa. Nilisomea cheti miaka miwili. Tofauti bado ipo, mama, lakini sababu yake imeandikwa. Hujaridhika na sababu, unakuja mkutanoni unabisha. Kitu kilichofichwa kwenye bahasha utakibishia wapi?"

Bi Kwanini aliaga. Njiani aliongea peke yake. Watu wawili walimpisha.

*

Kulikuwa na swali moja lililobaki. Je, wenzake walipata kiasi gani? Kumwambia mtu ataje mshahara wake lilikuwa jambo zito. Wote walikuwa wamefundishwa habari ya nguo ya ndani. Bi Kwanini alifikiri siku mbili. Siku ya tatu, mapumziko ya mchana, Tajiri alipokwenda benki, aliwaita wenzake uani.

Alikuwa ameanika mashuka makubwa sita kwenye kamba za mbele. Nyuma yake alifunga kamba fupi sita. Chini aliweka ndoo iliyojaa vibanio vya nguo.

"Jamani, huu ni mchezo," alisema. "Kila mmoja ataingia nyuma ya mashuka peke yake. Atachagua kamba moja. Kwa kila elfu kumi ya mshahara wake, atabana kibanio kimoja. Asiyetaka asiingie. Hakuna jina. Kamba haina mdomo."

"Wewe utatufukuzisha," alisema Bibi Mvuke. Huyu alikuwa mkubwa kuliko wote, na alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na miwili. Alisema hivyo huku anaokota vibanio.

Waliingia mmoja mmoja. Sauti ya vibanio ilisikika, ta, ta, ta. Wa mwisho alikuwa Kaka Mashati, mwanamume pekee kwenye meza sita. Aliitwa hivyo kwa sababu alianza na mashati ya wahudumu wa hoteli, ingawa sasa alipiga pasi kila kitu kama wengine. Alikuwa ameanza kazi miezi minane iliyopita. Sauti ya vibanio vyake iliendelea, ikaendelea, mpaka waliokuwa nje wakaanza kutazamana.

Bi Kwanini alivuta mashuka pembeni.

Kamba sita zilining'inia juani. Moja ilikuwa na vibanio kumi na vitano. Mbili zilikuwa na kumi na sita kila moja. Moja ilikuwa na kumi na saba, na nyingine kumi na vinane. Kamba ya mwisho ilikuwa imejaa vibanio ishirini na vinne. Ilikuwa imeinama katikati.

Hakuna aliyetaja jina, na halikuhitajika. Kaka Mashati alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kumi na sita," alisema Bibi Mvuke polepole. "Miaka kumi na miwili. Na aliniambia ameniongeza zaidi ya wenzangu."

"Hilo aliniambia mimi," alisema wa meza ya nne.

"Kwani na nyinyi?" aliuliza wa meza ya tano. "Kila mwezi ananiambia nisiwaudhi."

Walitazamana. Watano kati yao walikuwa wamevishwa kilemba cha ukoka kimoja, tena wamekivaa kwa maringo miaka nenda rudi. Bibi Mvuke ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kwa hasira, halafu kwa kweli, na wengine wakafuata mpaka wakashika mbavu. Kaka Mashati peke yake hakucheka.

"Dada zangu, mimi sikuiba," alisema. "Siku ya kwanza alinitajia kumi na tano. Nikamwomba ishirini na tano. Tukakutana hapo. Nyinyi hamkuomba?"

"Mimi sikuomba," alisema Bi Kwanini, "kwa sababu niliamini nimependelewa. Mtu aliyependelewa anaanzaje kudai? Ile siri haikuwalinda nyinyi na wivu. Ilinifunga mimi mdomo."

Kisha aliwaeleza habari za kima cha chini. Alichukua shuka na kulining'iniza lifunike vibanio ishirini vya kwanza vya kila kamba. Kwenye kamba tano, hakuna kibanio kilichochungulia upande wa pili. Kati ya wapiga pasi sita, watano walikuwa chini ya kiwango cha sheria.

*

Jioni hiyo walikwenda wote kwa Fundi wa Boila. Bibi Mvuke alitaka wamvamie Tajiri asubuhi na mapema. Fundi wa Boila alitikisa kichwa.

"Mkienda na kelele, kitakachozungumzwa ni kelele zenu. Andikeni barua. Iwe fupi. Ombeni mkutano, na tajeni kiwango cha sheria. Nakala moja mpelekeeni Afisa wa Kazi. Ofisi yake iko karibu na posta, na kumwona ni bure."

"Akitufukuza?" aliuliza wa meza ya nne.

"Sheria yetu hairuhusu kumfukuza mtu kwa sababu amedai haki yake au amejiunga na chama. Sisemi hakuna mwajiri anayejaribu. Ndiyo maana nakala inakwenda kwa Afisa kabla, si baada."

"Nani atatia sahihi wa kwanza?" aliuliza Kaka Mashati. "Wa kwanza ndiye ataitwa kiongozi wa fujo."

Hapo walikwama. Bibi Mvuke alichukua kikombe cha chai, akakifunika kwenye karatasi, akakizungushia kalamu. Likabaki duara. Majina sita yaliandikwa kuzunguka duara hilo. Halikuwa na mwanzo wala mwisho. Kaka Mashati naye alisaini, ingawa yeye hakuwa na nyongeza ya kudai.

"Kaka, kwa nini na wewe?" aliuliza Bi Kwanini.

"Mimi ndiye ghali kuliko wote. Siku Tajiri akitaka kupunguza gharama, unadhani ataanza na nani?"

Tajiri aliisoma barua siku ya Alhamisi. Aliisoma mara mbili, akaigeuza kuangalia kama nyuma kuna kitu. Kisha alitoka na kusimama katikati ya meza sita.

"Nimewakosea nini?" aliuliza. Alikuwa ameumia kweli. "Nimewazika wazazi wenu. Nimewapeleka hospitali kwa gari langu. Leo mnaniandikia barua kama mnamwandikia mtu baki? Asiyeridhika, mlango uko wazi."

Bi Kwanini alikumbuka begi lililo nyuma ya mlango wa chumba chao. Zilikuwa zimebaki wiki tano lori liondoke.

"Tajiri, wema wako tunaujua, na hatujausahau," alisema. "Lakini nikitaka kujua mwezi ujao nitalipwaje, siwezi kuusoma uso wako. Nataka kusoma karatasi."

Tajiri alirudi ofisini, akafunga mlango. Siku nne hakusalimiana na mtu.

*

Jumanne iliyofuata Afisa wa Kazi alifika. Alikuwa kijana mwenye miwani na faili jembamba. Aliomba kuona daftari la mishahara. Alisoma kwa nusu saa. Kisha Tajiri, Bi Kwanini na Bibi Mvuke waliitwa ofisini. Safari hii mlango uliachwa wazi.

"Watano wako chini ya kima cha chini," alisema Afisa. "Mwezi huu wote wafike laki mbili. Upungufu wa miezi iliyopita tutapanga ulipwe kidogo kidogo."

Tajiri alijifuta jasho. "Mheshimiwa, mimi si mwizi. Tatizo langu ni hoteli. Mtaa wa pili kuna dobi mwingine. Analipa watu wake chini kuliko mimi. Nikipandisha mishahara, itabidi nipandishe bei. Nikipandisha bei, hoteli itampelekea yeye mashuka. Hawa wote watakosa kazi, na mimi pamoja nao. Sheria imelifikiria hilo?"

Bi Kwanini alimgeukia Afisa. Hata yeye alitaka jibu. Lilikuwa swali zuri, na yeye alijua maswali mazuri.

"Ni hoja ya haki," alisema Afisa. "Ungepandisha peke yako, ungeumia. Ndiyo maana kiwango hakiwekwi kwa dobi mmoja. Kinawekwa kwa kazi yote ya udobi. Mnashindana kwa usafi, kwa haraka, kwa mashine nzuri. Hamruhusiwi kushindana kwa kumlipa mpiga pasi chini ya kiwango."

"Hayo ni ya kwenye karatasi. Jirani yangu je?"

"Leo asubuhi nimetoka kwake," alisema Afisa, akafunga faili. "Na nitarudi kwake kabla ya mwisho wa mwezi."

Tajiri aliuliza, kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu, kama jirani naye amepewa mwezi mmoja. Afisa alisema ndiyo. Mabega ya Tajiri yalishuka kidogo.

Kima cha chini kilipatikana kwa amri. Mkataba haukuwa hivyo. Wapiga pasi walijiunga na chama cha wafanyakazi, wakakaa na Tajiri mara tatu kuzungumza, na mwakilishi wa chama alikuwepo kila mara. Tajiri alitaka mtu awepo kila Jumapili, kwa sababu hoteli hujaa Jumamosi. Wapiga pasi walikubali kwa zamu, na malipo ya siku hiyo yakaandikwa. Wao walitaka miaka ya kazi ihesabiwe. Tajiri alikubali shingo upande. Kuhusu saa ya ukutani, Bi Kwanini aliomba betri mpya. Hilo lilipita bila mjadala.

Wiki moja kabla ya lori kuondoka, karatasi ilibandikwa ukutani kwenye chumba cha kupigia pasi. Anayeanza: laki mbili. Mwenye miaka miwili au zaidi: laki mbili na elfu thelathini. Mwenye miaka sita au zaidi: laki mbili na elfu hamsini. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba hakuna atakayepunguziwa mshahara aliokuwa nao. Kwa hiyo Kaka Mashati alibaki na laki mbili na elfu arobaini yake, mpaka miaka imfikie.

Mchana wapiga pasi walirudi uani, wakabana vibanio upya. Safari hii hawakuanika mashuka ya kujificha. Zamani kamba yenye vibanio vingi ilizidi yenye vichache kwa vibanio tisa. Sasa ilizidi kwa viwili, na kila mmoja aliweza kueleza sababu yake. Bibi Mvuke alikuwa na ishirini na vitano. Alivigusa kimoja kimoja.

Bei ya kufua ilipanda kidogo. Hoteli ililalamika, ikauliza kwa dobi wa mtaa wa pili, ikakuta naye amepandisha. Mashuka yaliendelea kuja. Tajiri bado aliwaita wafanyakazi mwisho wa mwezi, lakini kwa pamoja, na kila mmoja alipewa hati ya mshahara. Mwezi wa kwanza alifungua mdomo kama anayetaka kumnong'oneza Bi Kwanini kitu. Kisha akakumbuka hana la kunong'ona, akamuuliza habari za watoto.

*

Siku lori la mkandarasi lilipoondoka, fundi rangi hakuwemo. Elfu themanini zilizoongezeka kwenye mshahara wa mke wake zilikuwa zimeziba pengo lao na kubakiza kidogo. Asubuhi hiyo alimsimamisha binti yao kwenye mwimo wa mlango, akachora mstari mpya mwekundu. Lile begi sasa lilibeba viazi kutoka sokoni.

Bi Kwanini alikuwa anawatazama akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa na furaha ambayo hakutaka kuificha. Lakini akili yake ilikuwa imeshaanza safari nyingine.

"Baba watoto."

"Naam."

"Ile nyumba ya kijani mlipaka mafundi wangapi?"

"Wanne."

"Kila mmoja alilipwa kiasi gani?"

"Mimi najua yangu tu. Mkandarasi wa nyumba ile anamwita kila mtu pembeni. Mimi huwa ananiongeza kidogo, anasema nisiwaambie..."

Hakumaliza. Brashi ilibaki hewani, rangi nyekundu ikidondoka sakafuni. Bi Kwanini alikunywa chai yake taratibu na kungoja.

Mume wake aliweka brashi ndani ya kopo.

"Yule Fundi wa Boila," aliuliza, "anatoka kazini saa ngapi?"